Alama ya Fundi Ndalahwa

Kwenye geti la gereji ya Ndalahwa Shimba, pale Mabatini jijini Mwanza, kuna kibao alichokiandika mwenyewe kwa brashi. Herufi zinaanza kubwa na kuishia zimebanana, kwa sababu ubao uliisha kabla ya maneno. Kinasema: KAMA NILISHIKA GARI LAKO KABLA YA 2013, LIRUDISHE. KUNA KITU NILIKITOA. NAKIRUDISHA BURE.

Mafundi wenzake wamekicheka kibao hicho mpaka wamechoka. Fundi gani anajichongea mwenyewe barabarani, tena kwa rangi ya mafuta isiyofutika? Huku kwetu fundi akikosea, kosa ni la spea, au la mafuta ya kituo fulani, au la dereva, na ikishindikana kabisa ni la barabara. Lakini wanaocheka hawajui kisa chenyewe. Kisa ni cha gari jekundu la mzee Deodatus Mutayoba wa Pasiansi, na aliyekisikia chote hapiti tena pale getini akicheka.

Ndalahwa ni Msukuma wa Kwimba, mtoto wa mfugaji. Baba yake aliwatia ng'ombe wake alama masikioni, matundu matatu na mkato mmoja pembeni, ili hata wakichanganyika na wa watu kwenye maji, kila mmoja ajulikane wa nani. Ndalahwa hakurithi ng'ombe, maana walikwisha kwa ukame na kwa ada za shule. Alirithi alama. Tangu alipoanza ufundi akiwa na miaka kumi na tisa, kila anapofungua kifuniko cha injini na kukifunga tena, huchukua panchi, kile chuma chenye ncha, akagonga vitone vitatu na mkato mmoja karibu na boliti. Ni vidogo mno, na mtu asiyejua atadhani ni mikwaruzo. "Ng'ombe akila shamba la mtu," baba yake alikuwa akisema, "alama ndiyo inayomleta mwenyewe." Maneno hayo Ndalahwa aliyapenda tangu utotoni, bila kujua kwamba siku moja yatamfikia yeye.

Sasa ana miaka hamsini na nane, tumbo limeanza kumtangulia, na mjini anajulikana kama fundi asiyebahatisha. Hafungui boneti mpaka mwenye gari amemsimulia maisha ya gari hilo tangu lilipokuwa zima. Wateja wenye haraka humkimbia. Na akishafungua, hufungua mbele ya mwenyewe, hata kama mwenyewe haelewi kitu, kwa sababu anasema gari ni kama mgonjwa na mgonjwa halazwi bila ndugu.

Mzee Mutayoba alifika Jumanne asubuhi, peke yake, katika gari la michezo la Kijapani la mwaka 1991. Lilikuwa la milango miwili, fupi kwenda juu, na taa zake hulala ndani ya boneti na kufumbuka zinapowashwa. Wekundu wake ulikuwa umepauka kama kanga ya siku nyingi. Liliingia getini likikohoa moshi mweusi, na mzee akatoka ndani yake kwa vipande, mguu kwanza, kisha fimbo, kisha kofia.

"Shikamoo, mzee," alisema Ndalahwa, akifuta mikono.

"Marahaba, fundi. Wewe ndiye usiyebahatisha?"

"Nabahatisha nyumbani tu, mama watoto akiniuliza mboga imekolea chumvi au la."

Mzee hakucheka. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, Mhaya wa Muleba mwenye miaka sabini na minane, na maisha yake yote alikuwa ameyaishi kwa kamba na vipimo. "Sikuja unitengenezee," alisema. "Nimekuja uniambie nani aliliua gari hili. Nimebakiwa na siku nne za kujua."

Ndalahwa akamvutia kiti kwenye kivuli cha lile jiwe kubwa ambalo ndilo ukuta wa nyuma wa gereji yake. Mzee akasimulia. Mwaka 2006, mwezi wa Desemba, alikuwa ameandaa safari ya kwenda kula Krismasi nyumbani Muleba, kama kila Mhaya mwenye nauli afanyavyo. Gari lilipelekwa gereji moja ya mjini likaguliwe. Siku hiyohiyo kazi ikamwita Dodoma kwa wiki mbili, naye akamwachia mwanawe wa pekee, Alexander, kijana wa miaka ishirini na mbili, alifuate gari gereji na kulitunza. Aliporudi, familia ikapanda, wakavuka ziwa, wakashika njia. Kwenye milima ya Muleba gari likagoma. Lilivuta kama punda mgonjwa, na lori la ndizi likawapita.

"Kabla sijasafiri lilikuwa linaruka," alisema mzee. "Wiki mbili tu mikononi mwa Alexander, likafa. Nikamuuliza, ulikuwa unashindana nalo barabarani? Akakataa. Nikamuuliza tena mbele ya ukoo mzima, siku ya Krismasi, sahani zikiwa mezani. Akakataa. Nikamwambia, gari nakusamehe, uongo sikusamehe. Mwongo hakai kwangu."

Alexander hakukaa. Alikwenda kufundisha sekondari ng'ambo ya maji, Sengerema, safari ya feri isiyofika hata saa moja. Akaoa huko, baba yake asiende. Miaka minane iliyopita mama yake, Prudencia, alipofariki, alikuja msibani, akasimama mbele ya baba yake na kusema, "Shikamoo, baba." Mzee Mutayoba alitazama pembeni. Waombolezaji wote walisikia salamu ile ikikosa jibu, na tangu siku hiyo Alexander hakuamkia tena.

"Sasa ameniletea kadi." Mzee akaitoa mfukoni, imekunjwa mara nne. "Mjukuu wangu, Winnie, anapata kipaimara Jumapili. Mafundi tisa wameshika gari hili. Wamebadilisha plagi, pampu ya mafuta, waya, kila kitu, na hakuna aliyeniambia sababu. Wewe niambie. Kama kijana alilichosha gari kweli, basi alinidanganya machoni, na sitakwenda. Kama hakulichosha..."

Ndalahwa aliitazama kadi, akalitazama gari. Kwa miaka karibu arobaini alikuwa amepima magonjwa ya magari, na hii ilikuwa mara ya kwanza kuombwa apime kama mtu ni mwongo. Aliona uzito wa jambo, na kusema kweli aliogopa.

Wakaingia garini wote wawili, Ndalahwa kwenye usukani, wakaelekea kilima cha Bugando. Tambarare gari lilikwenda vizuri kiasi. Lakini kilima kilipoanza, kila alipokanyaga mafuta injini ilijaa, ikaguna, ikatoa moshi mweusi nyuma, na nguvu haikuja. Ndalahwa hakuwa akisikiliza sana. Alikuwa akiangalia mshale mdogo wa kuonyesha joto la injini. Walikuwa wametembea dakika ishirini, jua la Mwanza linachoma, na mshale ulikuwa bado umelala chini kana kwamba gari limewashwa sasa hivi.

"Huu mshale huwa unapanda?"

"Haujapanda tangu mwaka ule. Fundi mmoja aliniambia ni bahati, gari langu halichemki."

Walipofika gereji Ndalahwa alichomoa plagi. Zote zilikuwa zimejaa masizi meusi makavu, kama mafiga. Akamwambia mzee aliache gari lilale pale lipoe kabisa, na asubuhi waliwashe pamoja.

Jumatano saa mbili mzee alikuwa getini. Ndalahwa aliuweka mkono wa mzee juu ya mpira mnene unaopeleka maji kutoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta, kisha akawasha. "Injini nzima," alimweleza, "ikiwa baridi huyafungia maji yake ndani mpaka yapate moto. Mpira huu unatakiwa ubaki baridi dakika kadhaa, halafu ghafla uwe wa moto. Niambie unasikia nini."

Mzee alifumba macho. Haikupita dakika moja. "Yanapita sasa hivi. Vuguvugu."

"Basi mlango haupo."

Mlango wenyewe ni thamostati, kidude cha shaba kinachoenea kiganjani, kinachofungua na kufunga maji kwa kufuata joto. Kisipokuwepo maji huzunguka saa zote na injini haipati moto wake. Na kompyuta ya gari, ikidhani ni asubuhi na injini imeamka sasa hivi, huendelea kumimina mafuta mengi kuliko hewa. Ndiyo masizi, ndiyo moshi, ndiyo kugoma mlimani. Halikuwa gari lililochoshwa na mbio. Lilikuwa gari lililoishi miaka kumi na minane bila kupata joto.

Ndalahwa alijawa na furaha ile ya fundi aliyekamata ugonjwa. Alichukua spana, akainama kwenye kifuniko kilichofunika mahali pa thamostati, akafuta uchafu kwa kitambaa ili aone boliti. Chini ya uchafu vikatokea vitone vitatu na mkato mmoja.

Akasugua tena, labda ni mikwaruzo. Haikuwa mikwaruzo. Na hapo akakumbuka, si gari, maana yalikuwa mengi, bali miaka yenyewe. Alikuwa ameajiriwa katika gereji ya mjini ambayo siku hizi imefungwa. Mafundi wote wa hapa waliamini kwamba thamostati ni kitu cha nchi za baridi, kwamba huku kwenye jua kazi yake ni kukwama na kuchemsha injini. Naye, kwa moyo mwema, kila gari la safari ndefu lililopita mikononi mwake Desemba alilitoa thamostati ili wenyewe wasichemkiwe njiani. Hakuwatoza wala hakuwaandikia kwenye karatasi, kwa kuwa ilikuwa zawadi yake. Mwaka 2013 ndipo alipokaa na kitabu cha injini na kamusi ya Kiingereza, ukurasa baada ya ukurasa, akagundua zawadi ile ilikuwa nini. Akaacha. Ila hakumwambia mtu.

"Umeona nini, fundi?" aliuliza mzee. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, vitone asingeviona hata kwa miwani.

"Subiri kidogo, mzee wangu. Nafuata spea kwa Dorotea."

Duka la Dorotea liko hatua mia moja kutoka gereji, na Ndalahwa alizitembea kama anayepanda mlima. Dorotea amemuuzia spea miaka kumi na mitano na ulimi wake hauna breki.

"Thamostati?" alishangaa. "Bhebhe, wewe! Mafundi wa mji huu wananiuliza mpaka betri za saa, thamostati hawanunui. Unaumwa?"

Ndalahwa, ambaye hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia, akamwambia yote. Dorotea aliacha kutafuna karanga.

"Kaka, sikiliza," alisema kwa sauti ya chini. "Kijana si ameshasafishika? Mwambie mzee ilitolewa na fundi mmoja zamani, basi. Si uongo. Mzee ataenda kwa mwanawe, kila mtu atafurahi. Hilo jina lako la kutobahatisha umelijenga miaka mingapi? Nani atajua?"

Ushauri ulikuwa mtamu, na Ndalahwa aliuonja. Alisimama pale kaunta akiuzungusha mdomoni. Kisha akasema, "Mzee atauliza fundi gani. Nikisema simjui, mwongo wa kweli katika kisa hiki nitakuwa mimi. Na kijana ameshabeba jina hilo kwa niaba yangu vya kutosha."

Dorotea alimtazama, akaingia ndani, akatoka na kijiboksi kilichojaa vumbi. "Nenda kabla hujabadilisha mawazo," alisema.

Mzee Mutayoba alikuwa palepale, mkono umeegemea gari. Ndalahwa hakukaa. Alimwambia amesimama, kama mtu anavyosimama mbele ya baraza. Alimweleza kuhusu thamostati, kuhusu Desemba zile, kuhusu ng'ombe wa baba yake na alama. Akaushika mkono wa mzee na kukipitisha kidole chake juu ya kifuniko, kimoja, viwili, vitatu, na mkato.

"Ni mimi, mzee. Alexander alilichukua gari likiwa tayari limeshatolewa thamostati. Hakuna alichokuficha. Nisamehe."

Kidole cha mzee kilirudi kwenye vitone, kikavihesabu tena, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa, mtu wa kuhakikisha. Ndalahwa alingoja fimbo. Alikuwa tayari kwa fimbo, kwa matusi, kwa kwenda polisi, kwa lolote.

"Niliacha kumjibu salamu," alisema mzee hatimaye. "Kwenye msiba wa mama yake."

"Kosa ni langu, mzee. Nitakwenda mwenyewe nimwambie. Nitamwambia mimi ndiye niliyewatenganisha."

"Hapana." Mzee aliinua kichwa, na machozi yalikuwa yanatiririka bila yeye kuyafuta. "Usijipe ukubwa usio wako, fundi. Wewe ulitoa kipande cha shaba. Mtoto nilimtoa mimi. Nilipima mashamba ya watu miaka thelathini, sikuwahi kuweka jiwe la mpaka kabla ya kupima mara mbili. Mwanangu nilimpima mara moja, tena mezani."

Ndalahwa aliinama, akaweka thamostati mpya, akasafisha plagi moja moja, akazirudisha, akajaza maji. Alasiri wakapanda tena Bugando. Mshale wa joto ulipanda taratibu, ukafika katikati, ukatulia. Gari la miaka thelathini na zaidi likakitafuna kile kilima, moshi wala haukuonekana, na mzee, mikono magotini, akatoa sauti moja ndogo ambayo Ndalahwa hakujua kama ni kicheko au kilio. Mshale ule aliutazama mpaka waliporudi getini.

Jumapili mzee aliomba aendeshwe, macho yake hayakuwa ya kuaminika. Ndalahwa alivaa shati lake la kanisani. Walivuka kwa feri ya asubuhi, gari jekundu likiwa limebanwa kati ya lori la saruji na pikipiki, na watu wakaliinamia kutazama taa zake zilizolala. Ndalahwa alikuwa amempigia Alexander simu siku mbili kabla na kumweleza kila kitu. Sauti ya mwalimu ikasema, "Asante, fundi. Na yeye amesema nini?" Ndalahwa alikuwa amejibu, "Atakuja mwenyewe aseme."

Kwenye gati la Kamanga, upande wa Sengerema, mwanamume mrefu mwenye mvi za mapema alisimama kando ya njia ya kupandia, na binti aliyevaa nguo nyeupe za kipaimara pembeni yake. Mwanamume huyo alikuwa amefanana na mzee Mutayoba mpaka mabega. Ndalahwa alisimamisha gari, akazunguka kumfungulia mzee mlango. Mguu ukatoka, kisha fimbo, kisha kofia.

Baba na mwana wakasimama wakitazamana, hatua tano kati yao. Alexander alifungua mdomo, akaufunga. Ndalahwa alielewa. Kijana yule, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye binti, aliogopa kuamkia. Alikwisha kuamkia mara moja, mbele za watu, na salamu yake ikabaki hewani miaka minane. Winnie alimtazama baba yake, akamtazama babu asiyemjua.

Mzee Mutayoba alivua kofia.

"Marahaba, mwanangu," alisema, kabla hajaamkiwa. "Marahaba. Nimechelewa kuitikia."